Nipe Mji

Mke wa ami yangu alikuwa na msemo wake wa kila Jumapili. Akipita barazani na ungo wa mchele, akimwona mumewe ameinama juu ya gazeti na kalamu ya risasi imechomekwa sikioni, husema kwa sauti ya kusikiwa na majirani: "Huyu bwana ana wake wawili, na mwenzangu ni wa karatasi." Ami hakujibu. Alikuwa amekwisha kufika pale ambapo mtu hasikii.

Nililelewa katika nyumba hiyo, Mji wa Kale, Mombasa, na jambo kubwa nililolirithi kwa ami yangu ni hilo la fumbo la maneno. Wengine huliita chemsha bongo. Msomaji analijua: ni mraba wenye visanduku vyeupe na vyeusi, maneno mengine huenda kulia na mengine huenda chini, na kila yanapokutana hugawana herufi moja. Kwa kila neno mtunzi hutoa kidokezo. Fumbo la siku za kazi huwa jepesi, mtu akalimaliza ndani ya basi kabla hajafika mjini. La mwisho wa wiki ni kitu kingine kabisa. Hilo hutungwa kwa ajili ya mtu mwenye siku nzima mbele yake, na aghalabu siku nzima haitoshi.

Nimekuwa nikijiuliza miaka mingi raha yake ni nini hasa. Majibu yanayotolewa nayajua. Husemwa kwamba fumbo hunoa akili, huongeza msamiati, humkinga mzee na usahaulifu. Huenda yote hayo ni kweli, lakini hayajibu swali. Hakuna mtu aliyekula pilau kwa ajili ya kuongeza damu. Mtu hula pilau kwa sababu ni pilau. Nataka basi kuitafuta raha yenyewe, na nikiisha kuipata, niyapime kwayo mafumbo tunayoandikiwa sisi kwa Kiswahili. Maana nina manung'uniko nayo, na sina budi kuyasema.

Kwanza asili yake. Fumbo la kwanza la namna hii lilitokea Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913, katika gazeti la New York World. Mtunzi wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, naye alilichora kwa umbo la almasi. Mwaka 1924 Simon na Schuster, wachapishaji waliokuwa ndiyo kwanza wameanza kazi, walitoa kitabu cha mafumbo hayo kikiuzwa pamoja na kalamu ya risasi, na nchi nzima ikashikwa na homa. Gazeti la New York Times likawakemea watu mwaka huohuo kwa kupoteza wakati wao kwa upuuzi. Miaka 18 baadaye, Februari 1942, Marekani ikiwa imeingia vitani, gazeti hilohilo likaanza kuchapa fumbo lake la Jumapili. Mke wa ami yangu angefurahi kusikia kwamba alikuwa na wenzake, na Ami angefurahi zaidi kusikia jinsi ilivyowaishia.

Lakini fumbo gumu, lile la kukufanya uache chai ikapoa, lilipata umbo lake Uingereza. Katika gazeti la The Observer la London, ambalo hutoka Jumapili, alitokea mwaka 1926 mtunzi aliyejiita Torquemada, jina la mkuu wa watesaji wa kanisa la Hispania. Jina lake halisi lilikuwa Edward Powys Mathers. Alipofariki mwaka 1939 akarithiwa na Ximenes, naye jina lake ni la mtesaji mwingine. Huyu alikuwa mwalimu wa shule, Derrick Macnutt, na alitunga mpaka kufa kwake mwaka 1971. Mwaka 1972 akafuata aliyejiita Azed, ambalo ni jina la mtesaji wa tatu, Deza, lililosomwa kinyume. Na kando yao kulikuwa na A. F. Ritchie, aliyejiita Afrit. Sisi tuliosimuliwa Alfu Lela U Lela hatuhitaji kufasiriwa hilo: ni afriti yuleyule wa kwenye chupa.

Unaweza kudhani kwamba watu waliochagua majina hayo walitaka kututesa tu. Jambo la ajabu ni kwamba hao ndio walioandika sheria za kumlinda mteswaji. Afrit alifundisha kwamba mtunzi ana ruhusa ya kukupeleka njia ya upotovu kadiri awezavyo, mradi maneno yake, yakisomwa sawasawa, yawe yametaja jibu wala si kingine. Ximenes akaifafanua kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1966. Kiini chake ni hiki: kidokezo kigumu kiwe na njia mbili. Ya kwanza ni maana ya jibu, hata kama imevikwa nguo ya kigeni. Ya pili ni mchezo juu ya neno lenyewe: limegeuzwa, limekatwa, limefichwa ndani ya maneno mengine, au limetumiwa kwa maana yake ya pili. Njia zote mbili lazima zifike mlango mmoja. Waingereza, kwa mfano, wana neno lao la ua la bustani ambalo ukilisoma kwa jicho jingine lina maana ya kitu kinachotiririka. Mtunzi akiandika "ua la London", wewe unahangaika na waridi na asumini, kumbe yeye amekusudia mto Thames. Amekudanganya, lakini hakusema uongo.

Ami alijifunza mambo haya katika miaka ya 1950, akiwa karani katika ofisi moja bandarini. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakiletewa magazeti ya kwao, wakiisha kuyasoma huyaacha juu ya meza, naye akayachukua nyumbani. Yalifika yamechelewa wiki nyingi na hayakufika yote. Kwa hiyo mara nyingi alikuwa na fumbo asiwe na gazeti la baadaye lenye majibu. Nilipokuwa mtoto nilimwonea huruma kwa hilo. Nilimwuliza siku moja, "Sasa Ami, utajuaje kama umepata?" Akaniambia, "Mwanangu, ukimwona mtu kwa mbali huna hakika. Akikuita jina lako pia, utamngoja nani mwingine akwambie?"

Nilichukua miaka kuyaelewa maneno hayo. Kidokezo cha haki hubeba ushahidi wake ndani yake. Ukifika kwa njia ya kwanza, ya pili inakuthibitishia. Humhitaji mtunzi, huhitaji gazeti la wiki ijayo, huhitaji hata kusifiwa. Ni mambo machache sana duniani ambayo mtu wa kawaida, mwenye bosi na kodi ya nyumba, anaweza kuyajua kwa hakika namna hiyo, peke yake, barazani kwake. Hiyo naihesabu kuwa raha ya kwanza.

Raha ya pili ni ya kusubiri. Fumbo la Jumapili lina saa zake. Asubuhi unapitia vidokezo vyote na hupati hata kimoja. Unamwona mtunzi kuwa mwendawazimu na wewe mwenyewe kuwa mjinga. Kisha kimoja kinalegea. Herufi zake zinaingia katika maneno mengine matatu, na moja kati ya hayo linaanza kutikisika. Adhuhuri unakwama tena. Unaondoka, unakwenda kuswali, unakula, unatumwa dukani. Na ukiwa unahesabu chenji mbele ya mwenye duka, jibu ulilolitafuta saa tatu linakujia bila kuitwa, kama paka aliyekataa kuja ulipokuwa unamwita. Hapo ndipo unapotambua kwamba kulikuwa na mtu mwingine ndani yako aliyekuwa akifanya kazi muda wote, asiyejisifu wala kuchoka. Mimi hupenda kukutana na mtu huyo. Siku za kazi hapati nafasi.

Na raha ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni ile ya kudanganywa kwa haki. Unaposema "Ala!" na kujipiga paji la uso, hufurahii kwamba umeshinda tu. Unafurahi kwamba yupo mtu, usiyemjua na asiyekujua, aliyekaa akakufikiria. Alijua utapinda wapi. Akakuwekea mtego, na ndani ya mtego akakuachia ufunguo, kwa sababu alitaka utoke. Mtunzi mzuri hucheza ili ashindwe, ila ashindwe kwa taabu. Kama si heshima hiyo, sijui heshima ni nini.

Sasa nije kwetu. Mafumbo mengi ya Kiswahili niliyoyaona magazetini kwa miaka mingi hayana hata moja ya raha hizo. Vidokezo vyake ni vya namna hii: "Wingi wa kiti." "Kinyume cha juu." "Mji mkuu wa Uganda." Hapo hakuna aliyefumba kitu, ni mtihani wa darasa la nne uliochorewa visanduku. Na mtunzi akitaka kuwa mgumu, hafanyi kidokezo kiwe na akili zaidi. Hufungua kamusi akatoa neno ambalo hakuna aliye hai anayelitamka, akaandika mbele yake "aina ya samaki" au "aina ya mti". Anayelijua analijua; asiyelijua hana la kufanya. Huo si ugumu. Giza nalo ni gumu kuonea, wala hatumsifu mtu kwa kuzima taa.

Linaloniuma ni kwamba watu hawa wanaiga kwa wageni mraba, wakauacha ufundi, ilhali ufundi wenyewe tulikuwa nao kabla ya huo mraba. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alipokuwa akirushiana mashairi na washairi wa Lamu katika zama za ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, alifumba. Na wapinzani wake walifumbua wakamjibu kwa fumbo. Ilibidi wafumbue, maana tusi lisilofahamika halimuumi mtu. Tazama pia mchezo wa kusema kinyume tulioucheza utotoni, wa kugeuza silabi ili wakubwa wasituelewe. Na juu ya yote tazama kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtu akishindwa, mtegaji humwambia, "Nipe mji," naye hana budi kumpa mji, Mombasa au Unguja au Bagamoyo, ndipo aambiwe jibu. Ni mkataba kamili. Mtegaji ana haki ya mji akishinda, na ana deni la jibu litakalomfanya kila aliyepo aseme, "Kweli bwana, limo." Jibu lisipokuwamo, watoto wenyewe hupiga kelele na mji hurudishwa.

Lugha nayo imejaa milango ya nyuma. Kanga ni ndege na ni nguo. Paa ni mnyama, ni la nyumba, na ni kuruka juu. Geuza silabi za lima, utapata mali. Geuza kazi, utazika. Geuza nane, utanena. Mtunzi wa Kiingereza angeuza shamba lake apate lugha kama hii. Sisi tunayo, na tunaandika "Wingi wa kiti".

Nina lalamiko jingine, la kiufundi, na naomba msomaji anivumilie kidogo. Visanduku vyetu vinajazwa kwa herufi, kama vya Waingereza. Lakini maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Maana yake kisanduku cha mwisho cha kila neno kimekwisha kujazwa nusu kabla hujaanza: ni moja kati ya herufi tano. Na neno likikutana na jingine kwenye herufi "a", hukupata habari yoyote, kwani "a" imo kila mahali kama mchanga wa pwani. Washairi wetu hawakuhesabu herufi. Walihesabu mizani, yaani silabi: nane na nane, mstari ukatimia kumi na sita. Fumbo la Kiswahili nalo lijazwe kwa mizani, silabi moja kila kisanduku. Wajapani wanafanya hivyo kwa mwandiko wao, nao hawajapungukiwa na kitu. Maneno yakikutana kwenye "li" au "zi" yanakuwa yamepeana siri ya kweli.

Jambo hili sikulifikia kwa kusoma. Nililifikia kwa dharura. Mwaka 1996 macho ya Ami yalianza kufifia kwa presha ya macho, na ilipofika 1998 alikuwa haoni isipokuwa mwanga wa mlango. Alilipokea hilo kama alivyopokea mengine, bila maneno mengi, ila Jumapili zilimwelemea. Nilijaribu kumsomea mafumbo ya Kiingereza. Hayakusomeka. Mafumbo yale ni ya jicho: nusu ya ujanja wao umo katika maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile, na visanduku vingi vile vya herufi havikai kichwani mwa mtu. Baada ya wiki mbili akaniambia, "Basi, mwanangu. Liweke." Na gazeti likabaki kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipoanza kumtungia kwa Kiswahili. Mraba wa visanduku vitano kwa vitano, kila kimoja silabi moja, kwa sababu vingi zaidi ya hivyo asingeweza kuvikumbuka. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, kwa hiyo sikio halikupungukiwa na kitu ambacho jicho lingekiona. Nilidhani ninamfanyia hisani. Kumbe alikuwa ananianzishia shule.

Somo la kwanza lilikuwa la sauti. Nilimsomea: "Aombe Mungu apate kitu kitamu. Mizani tatu." Jibu ni asali: kitu kitamu, na pia asali, yaani aombe Mungu. Lakini nilivyosoma nilivuta pumzi baada ya "Mungu". Ami akalipata papo hapo, akakasirika. "Ukipumua ndani ya fumbo umelifungua," alisema. "Soma kama mtu asiyejua."

Somo la pili lilitoka jikoni. Kidokezo kilikuwa: "Mnyama wa jikoni. Mizani mbili." Ami alitaja paka, akalikataa mwenyewe, kwani halikuwa na njia ya pili. Akataja kuku, akalikataa. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, kidole kikichora visanduku hewani, mkewe alipopaza sauti kutoka ndani, "Si huyu nimemkalia!" Alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ana miguu minne na mbuzi ana meno ya chuma. Ami alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo mke wa karatasi hakutajwa tena, na ikawa tunangoja mchele uive ili tuwe watatu.

Somo la tatu ni lile ninaloona haya kulisimulia. Jumapili tatu mfululizo Ami alikuwa amemaliza mafumbo yangu kabla ya kahawa kupoa, nami nikaingiwa na tamaa ya kumshinda. Nikafungua kamusi, nikatoa jina la mmea fulani wa bara, nikaandika "mmea wa bara" na mizani zake. Alihangaika nalo tangu asubuhi hadi baada ya alasiri. Nilipomwona amechoka nikamwambia kwa furaha, "Haya Ami, nipe mji."

"Sikupi."

"Lakini umeshindwa. Kanuni ni kanuni."

"Sijashindwa," akasema. "Mtu hushindwa palipo na mlango akaukosa. Wewe umenijengea ukuta ukaniambia nipite." Akagusa paji lake la uso. "Kamusi yako unayo mkononi. Yangu ni hii. Ulichokifumba kwa hiyo, nitakifumbua kwa nini?"

Sikuwa na jibu, wala sina leo. Mmea wenyewe nimeusahau. Hilo nalitoa kama ushahidi wa uhakiki huu: vidokezo vyote vilivyopata kunidanganya kwa haki navikumbuka, hata vya miaka arobaini iliyopita, lakini huo mmea, ambao niliutumia mimi mwenyewe kumdhulumu mzee asiyeona, umekwenda bila kuacha hata herufi.

Kwa aibu nikafanya kosa la pili, ambalo lilikuwa baya zaidi. Jumapili iliyofuata nikamtungia mepesi. Niliandika, Mungu anisamehe, "Wingi wa kiti." Ami alinyamaza. Kisha akasema polepole, "Viti." Akageuza uso upande wa barabarani, na sote tukajua kwamba huko hakuna alichokuwa anakiona. "Ule ukuta ulikuwa afadhali," alisema. "Siku ile uliniogopa. Leo umenihurumia."

Nililala na maneno hayo wiki nzima. Kumtungia mtu fumbo lisilofumbulika ni kiburi, na kumtungia lisilofumbwa ni dharau. Katikati yake pana njia nyembamba, nayo ni ngumu kwa mtunzi kuliko kwa mfumbuaji, kwa sababu inamlazimu amfikirie mwenzake kwa ukamilifu: anajua nini, atapinda wapi, atachoka lini, na nguvu zake ni kiasi gani hasa, zisipunguzwe kwa huruma wala kuzidishwa kwa sifa. Hapo niliona kwamba wale Waingereza wenye majina ya watesaji hawakuwa wanacheza walipoandika sheria.

Wiki ile nilitunga kidokezo kimoja tu nilichokitaka, vingine nikavijazia. Kilikuwa hiki: "Kichwa hulala, maji hayalali. Mizani mbili." Nilikisoma kama mtu asiyejua. Ami akakirudia mara mbili, kisha akavimaliza vingine vyote, hicho akakiacha. Alasiri ikapita. Magharibi ikapita. Mara mbili nilifungua kinywa nimsaidie, mara mbili nikakifunga. Nilipoaga nikamwambia, "Nipe mji, Ami, nikwambie." Akatikisa kichwa. "Usiku una saa nyingi," alisema, "na mimi silali sana siku hizi."

Asubuhi nilipita kumpa salamu kabla ya kwenda kazini. Alikuwa ameketi kitandani, amekumbatia kitu kifuani, uso umemnawiri kama wa mtoto wa sikukuu. "Nimekupata," alisema. "Nimeulalia usiku kucha, nao uko chini ya sikio langu!" Akanirushia mto wake. Alirusha bila kuona, ukanipiga usoni barabara.

Tuliendelea hivyo kwa miaka sita. Ninalo daftari la mafumbo hayo, na pembezoni nimeandika miji tuliyodaiana. Mimi nilimpa Lamu, Malindi, Tanga, Kilwa na nyingine nyingi, maana baada ya muda naye alianza kunitegea. Yeye alinipa Pate na Siyu, akasema Mombasa hatanipa kamwe hata akishindwa. Watunzi wa magazeti wakiniuliza nataka nini kwao, sina zaidi ya hayo. Sitaki maneno magumu. Nataka mtu aliyekaa akanifikiria, akanifungia mlango wenye ufunguo.

Ami alifariki mwaka 2004. Wiki moja kabla ya hapo alinitegea kidokezo kimoja, cha mizani nne, nami sijakifumbua mpaka leo. Nimekizungusha, nimekikata, nimekigeuza kinyume. Iko siku nilifikiri kwamba huenda mzee alikuwa amechoka na akili imemtoka, na kwamba hakina jibu. Wazo hilo nimelifukuza. Ninamjua mtunzi. Njia mbili zimo humo, na zinafika mlango mmoja, na mimi ndiye ambaye sijaangalia vizuri. Sitakiandika hapa, kwa kuwa mmoja wenu atakifumbua kabla ya magharibi, na mimi bado nakitaka. Wala mji sijampa.